Tunachangia Jeneza, Hatuchangii Mofini

Shangazi yangu alifariki dunia mwezi Julai, baada ya wiki saba za maumivu ambayo sikuwa nimewahi kuyaona kwa binadamu mwingine. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa. Hospitali iliyompokea, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lake ni la mfumo mzima na si la jengo moja, ilimruhusu arudi kijijini na karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisema kwamba hakuna matibabu zaidi yanayoweza kufanyika. Wa pili ulisema: parasetamoli, vidonge viwili mara tatu kwa siku.

Mstari wa kwanza ulikuwa uongo na wa pili ulikuwa dhihaka, na aliyeiandika yote miwili hakuwa mtu mbaya. Alikuwa daktari kijana, mpole, aliyechoka, aliyefundishwa kuponya na ambaye, nadhani, hakufundishwa la kufanya pale uponyaji unapofika mwisho. Tukamfunga shangazi kitenge kiunoni, tukampakia kwenye gari la kukodi, tukampeleka nyumbani kwake, Nyanda za Juu Kusini, katika baridi ile ya Juni ambayo hata mtu mzima wa afya huikimbilia motoni.

Nilikuwa nikimwita shangazi, naye akiniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake mzazi. Alizaa watoto sita na wanawake wenzake husimulia kwamba hakuna hata mmoja aliyemsikia akipiga kelele. Wiki ya tatu binamu yangu alinipigia simu saa nane usiku. Sikumsikia binamu. Nilimsikia shangazi nyuma yake, akilia kwa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni ya mnyama. Majirani walikuwa wamekwisha kuamka. Asubuhi yake, nilipozungumza naye, aliniambia: "Baba, mwambie daktari kama hana dawa ya kuniponya, anipe hata ya kulala."

Mimi ni msomi mwenye shahada ya uzamivu. Nimesimama mbele ya kumbi za mihadhara nikieleza nadharia za dola na haki. Siku ile sikujua kama dawa ya kumlaza shangazi yangu ipo, inaitwaje, iko wapi na nani anaruhusiwa kuitoa. Ilinibidi niulize kama mtoto. Nilipokwisha kufahamishwa jina lake, nilizunguka maduka ya dawa ya mji ninaoishi nikitaja mofini, na wauzaji wawili waliniangalia kama mtu aliyeingia kutafuta bangi. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kupata ushauri nasaha.

Dawa ipo. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wake wa ngazi za kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, nami wakati huo nilikuwa mtoto mdogo. Mwongozo ni rahisi kiasi cha kuandikwa ubaoni: anza na dawa nyepesi, maumivu yakizidi panda ngazi, na ngazi ya juu ni mofini, ya kunywa, kwa saa maalumu, si kusubiri mpaka mgonjwa apige kelele. Mofini ya maji hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji safi na kihifadhi. Haina hatimiliki ya kampuni yoyote. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na usiku aghalabu hupewa dozi maradufu ili alale mpaka alfajiri, naye anayemuuguza alale pia. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyo hiyo. Huweza kuleta kichefuchefu na usingizi siku za mwanzo, kisha mwili huzoea. Na ndiyo basi. Hakuna mashine wala chumba chenye hewa baridi, wala haihitajiki safari ya India.

Naomba msomaji anivumilie kidogo katika hili, maana wengi wetu tutaketi kando ya kitanda cha namna hii kabla hatujalala juu yake. Mgonjwa anayekufa haumwi tu. Hukosa pumzi, na dozi ndogo ya mofini hiyo hiyo hupunguza ile hisia ya kuzama. Kumwinua kwa mito, kufungua dirisha na kumpepea usoni husaidia pia. Vidonda vya saratani hunuka, na harufu hiyo humfukuzia mgonjwa wajukuu kabla kifo hakijafika. Vidonge vya metronidazo, vile vile tunavyomeza kwa ajili ya amiba, vikisagwa na kunyunyizwa kidondani huipunguza sana. Shangazi alitengwa na harufu kwa wiki tano. Vidonge hivyo vilikuwa vikiuzwa katika duka la dawa lililo hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, na hakuna aliyetuambia.

Mgonjwa hupata vidonda vya kulala, ambavyo hukingwa kwa kumgeuza kila baada ya saa mbili na kumweka mkavu. Hukataa chakula, nasi humlazimisha uji kwa mapenzi tukidhani anakufa kwa njaa, kumbe mwili wake umekwisha kuacha kukihitaji na uji ule unaweza kumpalia. Anachohitaji ni kitambaa chenye maji midomoni. Huweweseka, huita wafu, huvua nguo, na sisi huanza kunong'ona kuhusu mapepo, wakati mwingine kumbe ni kibofu kilichojaa, choo kilichoziba au homa ya maambukizi. Mwisho koo hukoroma, sauti inayowatisha sana walio hai. Kumlaza ubavu mara nyingi hutosha kuipunguza.

Haya yote muuguzi wa zahanati anaweza kuyajua kwa mafunzo ya wiki chache. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kujua mengi kati yake. Binamu yangu, aliyeishia darasa la saba, angeweza kuyafanya yote isipokuwa kuandika dawa. Hakuna aliyemfundisha hata moja. Alimuuguza mama yake kwa parasetamoli, maji ya uvuguvugu na nyimbo za kwaya.

Wataalamu wetu wameipa huduma hii jina zuri, tiba shufaa. Katika Kiswahili cha ibada shufaa ni maombezi, yaani kumsemea mbele ya mwenye mamlaka yule asiyeweza kujisemea. Sijui kama waliochagua jina hilo walikusudia hivyo, lakini nalipenda. Dame Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 na kuanzisha utabibu huu kama tunavyoujua leo, alishikilia kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Nami naona kwamba huwezi kumhubiria mtu ambaye mgongo wake unawaka moto. Wachungaji wetu wangefanya vyema kulitafakari hilo kabla ya kumwambia ajuza anayegaagaa kwamba Bwana ndivyo alivyopenda.

Sasa nije kwa dola, maana mimi si tabibu na kazi yangu ni kuiuliza dola maswali.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na serikali imetamka mara nyingi kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Tumeona mabango yanayotaka mzee apishwe kwanza. Tumeona madirisha ya wazee katika hospitali zetu. Sibezi, nimewahi kumpeleka baba yangu mdogo kwenye dirisha hilo na alihudumiwa kwa heshima. Lakini dirisha la wazee ni la mzee anayeweza kutembea mpaka dirishani. Yule aliye kitandani, umbali wa kilomita arobaini za barabara ya vumbi, dirisha halimfikii, na msamaha wa kulipa haulipi bodaboda. Akifika, msamaha humpatia bure kile kilichopo kwenye rafu. Kisichokuwepo nacho hupewa bure, yaani hapewi.

Kwa upande wa kipato, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa. Ni fedha kidogo, lakini ni za kila mzee, awe alikuwa karani au mvuvi. Huku Bara hatuna kitu cha namna hiyo. Mkulima aliyelima viazi miaka hamsini na kulisha miji yetu huingia katika ugonjwa wake wa mwisho akiwa na kuku, shamba lenye mgogoro na watoto wenye njaa zao.

Hoja ya kwanza ninayoisikia kila ninapolitaja suala hili mbele ya watumishi wenzangu wa umma ni kwamba mofini ni dawa ya kulevya. Ni kweli, imo katika udhibiti, na tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 yenye adhabu kali. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao ndio msingi wa sheria za namna hii duniani, unaanza kwa kukiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kuondoa maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa ajili hiyo. Wajibu ulikuwa miwili, kuzuia matumizi mabaya na kuwezesha matumizi halali. Tumeutekeleza mmoja kwa bidii na mwingine tumeusahau. Hofu ya uraibu kwa mgonjwa anayekufa ni hofu ya mtu ambaye hajakaa na mgonjwa anayekufa. Bibi wa miaka 71 asiyeweza kusimama hataamka kesho akaibe kuku wa jirani ili anunue mofini. Wala dawa hii, ikitolewa kwa kipimo sahihi kinachopandishwa taratibu, haiharakishi kifo. Inachofanya ni kumrudisha mtu katika mazungumzo na watoto wake.

Wapo wanaonitajia Marekani na maelfu waliokufa kwa vidonge vya jamii ya afyuni. Vema, tuitazame Marekani. Kule kampuni zilimwaga vidonge vya bei kubwa kwa watu wenye maumivu ya kila aina, zikawalipa mawakala wa kuvinadi, na Purdue Pharma, iliyoleta OxyContin sokoni mwaka 1996, ikaja kukiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2020. Ile ilikuwa tamaa ya biashara. Mofini ya maji haina wa kuinadi kwa sababu haina faida ya maana. Nathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo haipo kwenye rafu zetu: dawa isiyo na faida haina wakala anayembishia hodi mganga mkuu, haina semina ya hotelini, haina kalamu wala fulana za kugawa.

Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, zilizokwenda katika nchi za kipato cha chini zilikuwa tani 0.1. Ni kilo mia moja, mzigo wa gunia moja la mahindi. Naomba mwanafunzi wangu wa uchumi wa siasa aitazame namba hiyo kabla hajaniandikia tena insha kuhusu utandawazi.

Hoja ya pili ni fedha, nayo majirani zetu wamekwisha kuijibu. Uganda haikuwa tajiri mwaka 1993, wakati daktari Mwingereza Anne Merriman, aliyefariki 2025, alipoanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za kuendesha kazi kwa muda mfupi tu. Aliinunua mofini ikiwa unga, akaichanganya na maji, akaipeleka majumbani. Serikali ya Uganda, badala ya kumwekea vikwazo, ilikubali mofini hiyo itolewe bure kwa wagonjwa, na mwaka 2004 ikafanya jambo la ujasiri: iliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuandika mofini. Ilikuwa imeona ukweli ulio wazi kwamba kijijini hakuna daktari, yupo muuguzi. Mwaka huo huo wa 1993, kule Kerala nchini India, madaktari wachache wa Kozhikode akiwamo M. R. Rajagopal walianza kliniki ya maumivu iliyokuja kuzaa mtandao mpana wa wanakijiji wa kujitolea, madereva, walimu wastaafu, wanafunzi, wanaowatembelea wagonjwa wa mtaa wao. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilitunga sera ya tiba shufaa na kuzikabidhi serikali za mitaa jukumu la huduma ya nyumbani. Kerala na Uganda hazikusubiri kutajirika.

Nasi hatukuwa watupu. Taasisi ya Saratani Ocean Road imetengeneza mofini ya maji kwa miaka mingi. Hospitali za Selian kule Arusha na Teule kule Muheza zilikuwa na timu za kuwafuata wagonjwa nyumbani tangu mwanzoni mwa karne hii. Wauguzi waliofanya kazi hizo wanastahili nishani kuliko wengi wanaozivaa. Lakini huduma nyingi za nyumbani nchini zilikua kwa mgongo wa fedha za wafadhili za kupambana na UKIMWI, na tulizifurahia bila kuzifanya zetu. Mfadhili akikohoa, bibi wa kijijini hukosa dawa. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, tulijidai kushangaa.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa sababu huvaa kanzu ya utamaduni: Mwafrika hatupi mzee wake, familia ndiyo tiba. Familia ni nani? Katika nyumba ya shangazi, familia ilikuwa wanawake wawili. Binamu yangu alifunga genge lake la mboga wiki ya kwanza na mtaji ukaisha wiki ya nne. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliacha kwenda shule mwezi mzima ili kufua mashuka na kumgeuza bibi. Wajomba, kaka, na mimi msomi, tulikuwa familia kwa njia ya simu. Tukiusifu utamaduni wetu wa kutunza wazee, tunasifu mgongo wa msichana wa miaka kumi na tano ambaye hakuulizwa. Na utamaduni huo huo, tusijidanganye, una upande ambao watu wa Kanda ya Ziwa wanaujua vizuri: bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, aliyeanza kusahau na kuropoka usiku, huitwa mchawi. Dalili za ugonjwa zimegeuzwa ushahidi, na vikongwe wameuawa kwa panga.

Nirudi kwenye nyumba yangu, maana si haki kuichapa dola peke yake.

Katika wiki saba za ugonjwa, kundi letu la WhatsApp la ukoo lilichanga shilingi 185,000. Mchango wangu mimi ulikuwa 50,000, nikajiona nimetenda. Shangazi alipokata roho, iliundwa kamati kabla mwili haujapoa. Akapatikana mwenyekiti, mweka hazina, na mtu wa kusoma majina ya waliotoa na, kwa kuyaruka, ya ambao hawajatoa. Ndani ya siku tatu tulikuwa na shilingi 3,460,000. Tulikodi Coaster kutoka Dar es Salaam. Tulinunua jeneza lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, tukachinja ng'ombe, tukakodi maturubai na viti mia mbili, tukamlipa mpiga picha za video. Zilishonwa sare. Mimi nilitoa laki nne, na nilisoma wasifu wa marehemu kwa Kiswahili sanifu nikaeleza kwamba ameugua kwa muda mfupi na kwamba familia ilimuuguza kwa upendo. Nilipofika hapo binamu yangu alinyanyuka akaenda jikoni.

Nimekuwa nikipiga hesabu tangu siku hiyo. Waganda waliozoea kazi hii hulinganisha gharama ya mofini ya maji ya siku kadhaa na bei ya mkate. Hata tukizidisha mara kumi, tukaongeza usafiri wa muuguzi mara mbili kwa wiki, mpira wa kutandika kitandani, glavu, metronidazo na posho ya kumwezesha yule binti arudi darasani, tungebaki na chenji baada ya kulipia maturubai peke yake. Hatukukosa fedha, ukoo ule unazo fedha za kufa. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kwamba wiki saba zile nazo zilikuwa tukio, lenye mahitaji yake na kamati yake.

Sipingi misiba. Najua msiba ni akiba ya walio hai. Anayezika leo ndiye atakayezikwa kesho, na asiyechangia hujikuta peke yake na jeneza lake. Ninachouliza ni kwa nini mpango huo madhubuti wa kijamii, unaoweza kukusanya mamilioni ndani ya siku tatu bila sheria wala TRA, huanza kufanya kazi dakika ambayo mhusika hawezi tena kuhisi chochote.

Basi nataka mambo machache, na nawataka wasomaji wa ukurasa huu wayadai kwa majina na vyeo.

Wewe uliye katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, unaweza kesho asubuhi kufungua daftari na kuona wilaya yako iliagiza chupa ngapi za mofini ya maji kutoka Bohari ya Dawa mwaka wa fedha uliopita. Kama jibu ni sifuri, hiyo haimaanishi kwamba wilaya yako haina wagonjwa. Diwani anayepitisha bajeti ya halmashauri aulize swali hilo hilo katika baraza, na ajibiwe kwa namba. Kanuni zetu ziseme kwa lugha isiyo na kigugumizi kwamba muuguzi na tabibu wa kituo cha afya, akiisha kufunzwa na kupewa cheti, anaruhusiwa kuandika na kutoa mofini ya kunywa. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000; katika mkoba wa kila mmoja wao kuwe na elimu ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kidonda na kutambua maumivu ya mtu asiyeweza kusema. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023, na vita yote iko katika kitita cha mafao. Ziara ya muuguzi nyumbani kwa anayekufa iwemo. Ikiwa kitita kitalipia kipimo cha nne cha picha kwa mtu ambaye sote tunajua haponi, na kisilipie chupa ya mofini, basi bima hiyo itakuwa imewakatia hospitali na si wagonjwa.

Kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari mnaonisoma: hesabuni saa za mtaala wenu zinazofundisha kifo. Kisha nendeni kwa mkuu wa idara na hesabu hiyo mkononi. Kwa wanaharakati, nina neno moja la ugomvi. Tumezoea haki zenye mabango na vijana. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema kwamba kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake. Haikuweka ukomo wa umri wala haikusema isipokuwa wiki saba za mwisho. Mtu akining'inizwa kwa kamba kituo cha polisi akalia usiku kucha, tutaandika tamko kabla ya mapambazuko, na ni sawa tuandike. Bibi akilia usiku kucha kwa sababu chupa moja haikuagizwa, tunamwandikia rambirambi.

Wiki iliyopita kundi la ukoo liliamka tena. Kaka yangu mkubwa alituma picha ya kaburi la vigae vyeupe lenye msalaba wa marumaru na makadirio ya fundi, shilingi 2,200,000, tulijengee la shangazi kabla ya mvua. Nilijibu kwamba fungu langu litakwenda kwa mzee mmoja wa kitongoji kile kile, fundi seremala wa zamani, mwenye saratani ya tezi dume, ambaye binamu yangu sasa humtembelea kila jioni na chupa ya mofini iliyopatikana, baada ya safari tatu, katika hospitali ya mkoa mwingine. Nikaomba wanaotaka wajiunge, nikaweka namba ya simu ya kutumia fedha.

Mpaka ninapoandika hapa, binamu ameweka alama ya dole gumba, na kaka ameuliza vigae viwe vyeupe au vya kahawia.